Vidole Viwili Upande wa Kulia

Kama kuna kitu fundi alikidharau kuliko nati iliyofunguliwa kwa koleo, alikuwa ni mkwe wake. Na kama kuna kitu alikidharau kuliko mkwe wake, ni kile kibao ambacho mkwe wake alikuja nacho Jumamosi ile asubuhi, amekikumbatia kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyetumwa kupeleka picha ya harusi.

"Haya, huyo kaja," fundi alisema, wala hamwambii mtu hasa. "Na leo kabeba ubao."

Watu walimwita Sikio, na jina hilo hakupewa kwa ukubwa wa masikio. Gereji yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe, sakafu nyeusi kwa oili, spana zimepangwa ukutani kwa ukubwa, na ole wake atakayerudisha namba kumi na mbili kwenye msumari wa kumi na tatu. Kazi yake ilikuwa pikipiki za silinda mbili tu. Za silinda moja aliwaachia mafundi wa ng'ambo ya barabara, ambao yeye aliwaita wapaka grisi.

Pikipiki ya silinda mbili ina kabureta mbili, kila moja inailisha silinda yake hewa na petroli. Zikivuta sawa, injini inatulia. Zisipovuta sawa, silinda moja inabeba mzigo na nyingine inaburuzwa, kama watu wawili wanaohamisha kabati na mmoja wao mvivu. Vioo vinatetemeka, plagi moja inajaa masizi, na mwenye pikipiki anafika aendako mikono imekufa ganzi. Kuzilinganisha ni kugeuza skrubu moja ndogo, robo ya robo ya mzunguko. Skrubu yenyewe hata mtoto angeigeuza. Kujua pa kuiacha, hilo ndilo lililowaleta watu kwa Sikio kutoka mbali.

Alikuwa na chombo chake, alichojitengenezea mwenyewe ujanani. Alichukua kile kidude ambacho madaktari husikilizia kifua, akakata mpira wake wa mbele, akaunga mipira miwili mirefu, mmoja kwa kila sikio. Mpira wa sikio la kushoto aliushika kwenye mdomo wa kabureta ya kushoto, wa sikio la kulia kwenye ya kulia, kisha akafumba macho. Kabureta inavuta hewa kwa mlio wa mtu anayekunywa chai ya moto. Fundi aligeuza skrubu mpaka milio miwili ikakutana kichwani mwake, katikati kabisa ya paji la uso, akafumbua macho na kusema, "Chukua." Hakuna aliyewahi kubisha. Na kwa kuwa hakuna aliyebisha, alikuwa amezoea kuwaambia wateja, bila hata kuulizwa, kwamba siku sikio lake litakapokosea atafunga gereji na kutupa funguo chooni.

Sasa huyu mkwe. Alikuwa mwashi. Fundi hakuwa na ugomvi na waashi, mradi wabaki na matofali yao. Lakini binti yake wa pekee, mwenye akili timamu katika mambo mengine yote, alikuwa amekwenda kumchagua huyu, mtu wa maneno ya kuhesabu, saruji kwenye kucha, na tabia moja iliyomkera baba mkwe mpaka kwenye mifupa. Hakuja kwako moja kwa moja. Ukiwa umeinama kwenye injini, aliingia mlangoni, akakuzunguka, akapita nyuma ya pikipiki, akasimama upande wa pili, ndipo aseme, "Shikamoo, baba." Kila siku ya Mungu. Kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mwanamume mzima anazunguka zunguka," fundi alimwambia mkewe siku moja. "Ananiogopa au ananinusa?"

Mkewe alikuwa anakunja nguo. Aliendelea kukunja nguo.

Mwashi alikuwa amenunua pikipiki chakavu ya silinda mbili, na Sikio alikuwa ameilinganisha mara tatu. Mara tatu mkwe alishukuru, na mara tatu kioo kiliendelea kutetemeka. Badala ya kufanya kama watu wengine, yaani kuamini na kuvumilia, mwashi alijitia ufundi. Waashi wana mpira mrefu unaoonyesha ndani, wanautia maji na kuunyoosha kutoka kona moja ya msingi hadi nyingine. Maji yanasimama kimo kimoja pande zote mbili, na hapo wanajua usawa. Yule bwana akaamua kwamba kinachopima msingi wa nyumba kitapima na injini. Akauchomeka mpira wake, na maji yake, kwenye vitundu viwili vidogo vilivyo kati ya kabureta na injini. Injini ikayanywa yale maji kwa mkupuo mmoja, ikakohoa mvuke mweupe, ikazima.

Fundi alicheka wiki nzima. Alicheka mezani, alicheka akinyoa ndevu. Kila mteja aliyeingia alisimuliwa habari za mwashi aliyeinywesha pikipiki maji kama ng'ombe, na kila ziliposimuliwa upya maji yaliongezeka, mpaka yakawa ndoo.

Na sasa kaja tena. Akapita nyuma ya pikipiki, akazunguka, akasimama mahali pake pa siku zote.

"Shikamoo, baba. Nimekirekebisha kile kipimo."

"Marahaba. Safari hii utainywesha nini, maziwa?"

"Oili, baba. Nzito. Na nimeweka chupa njiani, ikivutwa inaishia kwenye chupa."

Fundi alikitazama kile kibao kama mtu anayetazama meno ya farasi mgonjwa. Ubao wa urefu wa mkono, mpira umepigiliwa juu yake kwa umbo la herufi U, nusu umejaa oili nyekundu. Katikati imebandikwa rula ya shule, bado ina jina la mtoto wa mtu limekwaruzwa kwa pini. Kila upande chupa ndogo ya dawa ya kikohozi imetobolewa kizibo. Na ndani ya kila mpira, mwashi alieleza kwa sauti ya kuomba radhi, kuna ncha ya kalamu ya wino, ile yenye tundu dogo, ili oili isirukeruke kwa kila pumzi ya injini.

"Rula, dawa ya kikohozi, kalamu," fundi alisema. "Umemfilisi mwanafunzi gani?"

Kwenye benchi, upande wa kushoto wa mlango, nesi alicheka. Alikuwa amekaa hapo tangu gereji ilipofunguliwa, na hakuwa amekuja kucheka. Pikipiki yake fundi aliilinganisha Jumatano, na leo, siku tatu tu, plagi ya kulia ilikuwa nyeusi tena. Jumatatu alfajiri alitakiwa kuondoka na sanduku la chanjo, siku nne za milima na zahanati zisizo na gari. Safari iliyopita pikipiki ilimzimikia kwenye mpando, akaisukuma huku barafu ya sanduku ikiyeyuka, na chanjo zote zikatupwa. Alisema kitu pale kwenye benchi. Fundi aliona midomo tu. Watu wa siku hizi wanaongea na mashati yao, alijisemea, hawana sauti.

"Anauliza kama kinaweza kupima na ya kwake," mwashi alisema taratibu.

Hapo fundi alipata wazo lililomfurahisha sana. Aliona njia ya kumaliza upuuzi huu mara moja, mbele ya shahidi.

"Pima," alisema. "Ya kwako, ya nesi, na ile pale ya mpiga picha, niliyoimaliza jana. Zote zimetoka mkononi mwangu. Ukimaliza, upeleke kibao nyumbani, binti yangu akazibie banda la kuku."

Mwashi alianza na ya kwake. Aliunga mipira, akawasha. Oili ilitikisika, ikapanda polepole upande wa kulia, ikasimama. Mwashi aliweka vidole kwenye rula, akaviangalia.

"Vidole viwili," nesi alisema. Alikuwa amesogea. "Kulia kumepanda vidole viwili. Maana yake nini?"

"Maana yake kabureta ya kushoto imefunguliwa zaidi," mwashi alisema. "Ya kulia inabanwa, kwa hiyo inavuta oili."

"Maana yake ubao una kona," fundi alisema.

Ya nesi: vidole viwili, kulia. Ya mpiga picha: vidole viwili, kulia, labda na ukucha juu yake. Fundi alisonya msonyo mrefu uliosikika juu ya injini.

"Si nilisema? Pikipiki tatu, jibu moja. Hicho si kipimo, hicho ni kasuku. Kimefundishwa neno moja."

"Tunaweza kubadilisha mipira, baba," mwashi alisema. Aliongea akitazama chini. "Wa kushoto uende kulia, wa kulia uje kushoto. Kama kibao ndicho kibovu, oili itapanda upande ule ule wa ubao. Kama ni injini, itahama."

"Badilisha. Hata ukikigeuza miguu juu."

Mwashi akabadilisha. Oili ikashuka, ikatafakari kidogo, ikapanda upande mwingine wa ubao. Ilikuwa inaifuata kabureta ya kulia popote ilipopelekwa. Walirudia kwa pikipiki zote tatu, na kwa zote tatu ikawa hivyo hivyo. Nesi alitazama ubao, akamtazama fundi, akafungua mdomo.

"Kwa hiyo zote tatu zimekosewa upande..."

"Ubao umepinda," mwashi alimkatiza haraka, na alikuwa tayari anakunja mipira. "Ulinyeshewa juzi. Samahani, baba. Nimekupotezea muda."

Hilo ndilo lililompandisha fundi mori kuliko yote. Kubishiwa angeweza kuelewa. Kuna watu wamezaliwa wabishi. Lakini mtu aje na kibao chake, akisimamishe mbele ya watu, kiseme neno lake mara sita, halafu akikane kama mtoto aliyevunja kikombe?

"Hata kitu chako mwenyewe huwezi kukisimamia," alimwambia. "Nenda. Pikipiki yako iache, nitaiweka sawa jioni. Na hicho kibao kiache hapo hapo, nataka kukiangalia nikichoka nicheke."

Mwashi aliinamisha kichwa, akaondoka kwa miguu. Nesi akaachwa na ahadi kwamba arudi saa kumi.

Gereji ilipobaki tupu, fundi alishusha mipira yake ya masikio kutoka kwenye msumari. Hakuwa na wasiwasi. Alijiambia hivyo mara mbili, na mtu asiye na wasiwasi hujiambia mara moja tu. Aliwasha pikipiki ya mkwe, akafumba macho, akasikiliza. Kushoto, kulia. Milio ilikutana katikati ya paji la uso, sawia, kama siku zote.

"Kasuku," alikiambia kibao.

Angeishia hapo, mambo yangeendelea kama kawaida. Lakini ile kazi ya kubadilisha mipira ilikuwa imemwingia kama mchanga kwenye kiatu. Mwashi alibadilisha yake. Basi na yeye atabadilisha ya kwake, atulize moyo, akale chakula cha mchana. Akaupeleka mpira wa sikio la kushoto kwenye kabureta ya kulia, na wa kulia kwenye kabureta ya kushoto.

Kabureta ya kushoto ilipiga kelele kama bomba lililopasuka. Ya kulia ilikufa.

Alirudisha. Zikalingana. Akabadilisha. Moja ikapiga kelele, nyingine ikafa. Alizima injini, akapuliza mipira yote miwili, ikapitisha hewa vizuri. Aliichomoa kwenye kidude, akahamisha wa kushoto kulia na wa kulia kushoto, ili kama kuna mpira mbovu ujulikane. Hakukuwa na mpira mbovu. Alichukua kibiriti, akakitikisa karibu na sikio la kulia, njiti zikacheza. Akakitikisa karibu na sikio la kushoto. Alitikisa kwa nguvu, mpaka njiti zikamwagika kwenye oili.

Alikaa kwenye stuli. Kazi ya hesabu haikuwa ngumu. Sikio la kushoto limelegea, basi kabureta ya kushoto inasikika dhaifu, basi mkono unaifungua zaidi mpaka isikike sawa. Kila pikipiki. Kila mteja aliyeambiwa "chukua" akachukua. Alimfikiria nesi kwenye mpando, anasukuma, na sanduku la maji ya barafu. Wapaka grisi wa ng'ambo walikosea huku na huku, leo kushoto, kesho kulia, kama wanadamu. Yeye peke yake alikuwa amekosea kwa ustadi, vidole viwili, upande mmoja, bila kupotoka hata ukucha. Dharau yote aliyokuwa ameigawa mtaani kwa miaka ilirudi nyumbani siku hiyo hiyo, na ikamkuta yupo.

Aliingia ndani. Mkewe alikuwa ameandaa meza. Fundi alikaa kwenye kiti chake, na mkewe, kabla ya kukaa, akahamisha sahani yake na kiti chake kutoka vilipokuwa, akaja upande wa kulia wa mumewe. Alifanya hivyo bila kuangalia, kama mtu anayesukuma mlango wa nyumba yake mwenyewe.

Fundi aliacha kula.

"Tangu lini unakaa upande huu?"

"Upande gani?"

"Usinifanye mtoto."

Mkewe alimega chakula chake taratibu. Alikuwa mwanamke asiyependa kutanguliza maneno.

"Mwaka wa tatu huu."

"Binti anajua?"

"Anajua."

"Na huyo..." Alitaka kusema mwashi, kisha akataka kusema kuku, na yote mawili yalimkwama. "Na mkwe?"

"Yeye ndiye aliyetuambia. Sisi tulidhani umekuwa mkali tu, unaitwa hujibu. Alikuja jikoni siku moja akasema, mama, baba msimsemeshe kutoka kushoto. Akiomba kurudiwa anaona aibu, halafu anakasirika siku nzima. Pitieni kulia." Alimtazama mumewe. "Hicho kibao amekihangaikia tangu mvua za mwanzo. Nilimuuliza, unataka kumuumbua baba yako? Akasema hapana, nataka siku akikihitaji kiwepo."

Fundi alitazama chakula mpaka kikapoa. Alikuwa na matusi ya kutosha kwa watu wa kila namna, na sasa aliyapekua yote akakuta hakuna hata moja linalomtosha mkwe wake.

Saa kumi nesi alikuwa kwenye benchi. Mwashi alikuja kuchukua pikipiki yake, akafika mlangoni, akaanza safari yake ya kuzunguka. Fundi alikuwa amekaa kwenye stuli, ameinama juu ya pikipiki ya nesi, anahangaika kuunga mipira ya kibao kwenye vitundu, upande wake wa kushoto umeelekea mlangoni. Alimwona. Akashika stuli, akaigeuza yote, na mwili wake juu yake, mpaka sikio la kulia likaelekea mlangoni.

"Usizunguke," alisema. "Pita hapo hapo."

Mwashi alisimama katikati ya mlango, hajui aweke wapi mikono.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Misumari ya kibao chako imepinda yote, na hii chupa inanuka kikohozi. Kaa."

Kisha alimgeukia nesi. Kwa hili hakuwa na maandalizi, kwa hiyo alilisema kama lilivyokuja, kwa sauti kubwa mno.

"Pikipiki yako niliikosea mimi. Si Jumatano tu. Hata ile safari ya mpando ni mimi. Chanjo zile zimeharibikia mkononi mwangu."

Nesi alikuwa na uso wa mtu anayekumbuka kilima.

"Ulisema siku sikio likikosea utafunga gereji," alisema, akitamka wazi.

"Nilisema. Jumatatu nitawafuata wote niliowaharibia, mmoja mmoja, nikiwa mzima wa miguu angalau. Wakishakwisha, funguo hizi hapa, utakuja kunikumbusha." Akamtazama mwashi. "Washa."

Injini iliwaka. Oili ilipanda kulia, vidole viwili. Fundi alishika bisibisi, akaiweka kwenye skrubu, na kwa mazoea ya miaka mingi akafumba macho. Mipira yake ya masikio ilikuwa juu kwenye msumari. Aligeuza kidogo. Akageuza tena. Pembeni yake mkwe aliinama karibu na sikio la kulia.

"Hapo, baba. Imetulia. Umesikia ilivyobadilika?"

Nesi alikuwa anatazama kioo cha pikipiki yake. Kilikuwa kimesimama tuli, unaweza kunyolea ndevu.

"Sijasikia," alisema Sikio, na akafumbua macho. "Niambie oili imesimama wapi."